Shoti kwenye taa za dharura za betri: multimita, balbu ya mfululizo, pawasaplai au mega?

Umeweka fyuzi mpya kwenye taa ya dharura, imekatika papo hapo. Umeweka ya pili, nayo imefuata. Ni hapa ambapo fundi mwenye haraka hutafuta fyuzi kubwa zaidi, au huifunga ile iliyoungua kwa uzi wa waya, na nyaya zinayeyukia darini usiku watu wakiwa wamelala. Betri ndogo ya asidi iliyofungwa, ile ya volti 12 na ampea-saa 7 inayokaa ndani ya taa za macho mawili, ina ukinzani wa ndani wa miliomu 20 hadi 30 hivi ikiwa nzima. Ncha zake zikigusana inatoa mamia ya ampea. Umeme wa gridi una breka ukutani, lakini betri haina mlinzi mwingine isipokuwa ile fyuzi unayotaka kuikuza.

Kwa hiyo swali ni utumie chombo gani kuitafuta shoti, yaani mahali umeme unapokatiza njia bila kupita kwenye taa, bila kuteketeza fyuzi za boksi zima. Nitavipima vyombo vinne vinavyotumika sana, na viwili vya ziada kwa kifupi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa kazi nyingi za taa za dharura, balbu ya mfululizo iliyofungwa mahali pa fyuzi inafanya kazi kuliko multimita ghali, na mega, yaani kipimo cha kihami (ganda la waya lisilopitisha umeme), hutolewa mapema mno kwenye begi.

Kwanza jua una mfumo upi

Nyumba za wageni, maduka na ofisi nyingi zina taa zinazojitegemea. Kila taa ina betri yake, chaja yake na saketi ya kutambua kwamba umeme umekatika. Hospitali kubwa, kumbi na meli mara nyingi hutumia betri kuu: chumba kimoja chenye betri za volti 24, 48 au 110, na kebo zinazotoka humo kwenda kila korido na kila ngazi. Kwenye mfumo wa kwanza shoti imejificha ndani ya boksi la taa au kwenye kipande kifupi cha waya kinachokwenda kwenye vichwa vya taa. Kwenye wa pili inaweza kuwa popote kwenye kebo ndefu iliyopita juu ya dari, chini ya msumari wa fundi seremala au mahali panya alipotafuna. Chombo kinachofaa huku si lazima kifae kule.

Jambo moja la usalama linahusu njia zote. Kuzima umeme hakutoshi kwa sababu betri bado ipo, na kuchomoa betri hakutoshi kwa sababu chaja bado ina volti 230. Ondoa vyote viwili kabla ya kugusa nyaya; betri irudi pale tu jaribio linapoihitaji. Taa nyingi za bei nafuu za kuchaji hazina transfoma ndani. Zinashusha umeme kwa kapasita tu, kwa hiyo ncha za betri yake zinaweza kukupiga kwa umeme wa gridi taa ikiwa imechomekwa, hata kama betri yenyewe ni ya volti 4. Na vua pete na saa ya chuma kabla ya kugusa betri kuu. Pete ikiziunganisha ncha mbili inapata moto mwekundu ukiwa bado unajaribu kuivua.

Multimita: ya kwanza kushikwa, lakini inadanganya

Faida yake ni kwamba kila fundi anayo, na kuna shoti moja ambayo hakuna chombo kinachoishinda: shoti iliyo ndani ya betri yenyewe. Pakiti ya nikeli-kadimiamu yenye seli 3 huandikwa volti 3.6. Ikiwa imekaa kwenye chaji siku nzima na inasoma volti 2.8 au pungufu wakati inapaswa kukaribia au kupita 4, seli moja imeshotika kwa ndani. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa husoma karibu na 12.7, ikisoma 10.5 na haipandi hata ukiichaji, seli moja kati ya sita imekufa. Hapo kazi imeisha, badilisha betri. Usihangaike na nyaya.

Kwenye nyaya na vichwa vya taa ndipo inapopotosha watu. Chukua taa ya macho mawili yenye balbu za halojeni za volti 12 na wati 20. Balbu ikiwa inawaka ukinzani wake ni omu 7.2 (volti 12 mara 12, gawa kwa wati 20). Ikiwa baridi, uzi wake unashuka chini ya omu moja. Mbili zikiwa sambamba ni nusu ya hapo. Sasa weka multimita kwenye mlio wa kuonyesha waya umeungana: inalia, kwa sababu kwa kawaida mlio huo unawaka kwa chochote kilicho chini ya makumi machache ya omu. Fundi anasema shoti hiyo hapo, anabomoa waya mzima, na kumbe balbu ni nzima na waya ni mzima. Balbu za halojeni zichomolewe kwanza, ndipo upime waya ukiwa mtupu.

Taa za LED ni rafiki zaidi kwa multimita. Ikiwa kwenye kipimo cha omu, haitoi volti za kutosha kuwasha mnyororo wa LED, kwa hiyo ukisoma omu mbili tatu, ukageuza ncha na usomaji ukabaki uleule, hiyo ni shoti ya kweli. Usomaji unaoanza chini kisha unapanda polepole ni kapasita inajaa, usiuogope.

Ndani ya bodi, tumia kipimo cha dayodi. Dayodi ya kawaida nzima husoma volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na haisomi upande wa pili. Ya Schottky, aina ya dayodi inayopoteza volti kidogo, husoma 0.15 hadi 0.3 hivi. Iliyoshotika inasoma sifuri pande zote. Washukiwa wa mwanzo ni transista inayowasha taa umeme ukikatika, dayodi ya Schottky na kapasita kubwa ya kopo. Ng'oa mguu mmoja kabla ya kukihukumu kifaa, maana kilicho sambamba nacho kinaweza kuwa ndicho chenye kosa.

Ubaya mkubwa wa multimita ni udogo wa mkondo wake. Inapima kwa mkondo unaoweza kuwa chini ya miliampea moja. Nyuzi mbili za waya zinazogusana tu kebo ikipata joto, au kihami kilichochubuka kinachogusa ukingo wa boksi la chuma mlango ukifungwa, vitapita mbele yake bila kuonekana.

Balbu ya mfululizo: rahisi, na ndiyo ninayoipendelea

Chomoa fyuzi. Mahali pake funga balbu. Kwa mfumo wa volti 12, balbu ya taa ya breki ya gari, volti 12 wati 21, inatosha. Kwa volti 24, nunua ya lori, volti 24 wati 21. Sasa hata kama kuna shoti kamili upande wa pili, mkondo hauwezi kuzidi ule wa balbu: ampea 1.75 hivi kwa ile ya volti 12, na chini kidogo ya ampea moja kwa ile ya lori. Hakuna waya utakaoungua, hakuna fyuzi itakayokatika, na shoti inabaki hai mbele yako kwa muda wowote unaotaka.

Ikiwaka kwa nguvu zake zote, shoti ipo. Shoti ikiondoka inafifia au inazima. Hapo unaweza kuanza kukata mfumo nusu kwa nusu. Una taa 16 kwenye mnyororo mmoja wa betri kuu? Fungua maungio ya katikati. Balbu ikizima, shoti iko mbele ya pale ulipokata, upande wa mbali na betri. Ikiendelea kuwaka, iko nyuma, upande wa betri. Chukua nusu yenye kosa, kata tena katikati. Kwa mikato minne umefika kwenye taa moja au kipande kimoja cha kebo, badala ya kupanda ngazi mara 16. Kama nyaya zako hazifuatani kwa mnyororo bali zinatoka zote kwenye paneli, kata kwenye paneli kwa kunyanyua nusu ya matawi kwa mara moja.

Kwa shoti inayokuja na kuondoka haina mpinzani. Mmoja anatikisa kebo darini, mwingine anaitazama balbu. Ikimulika ghafla, "Hapo hapo, usisogee!" Multimita ingekuwa bado inatafuta tarakimu ya kuonyesha. Unaweza pia kuiacha imefungwa mpaka mvua inyeshe, ikiwa unashuku maji yanayopita kwenye paa.

Ina masharti. Vichwa vya halojeni uvichomoe kwanza, la sivyo balbu ya jaribio itawaka karibu kikamilifu hata bila shoti, kwa sababu mzigo wenyewe una ukinzani mdogo kuliko balbu. Kwenye taa za LED zenye draiva (saketi inayoilisha LED umeme), balbu ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, hiyo kwa kawaida ni draiva inayojaribu kuanza ikikosa volti. Shoti haipepesi hivyo. Na kwenye betri kuu ya volti 110 usijaribu na balbu ya gari. Hiyo inahitaji balbu ya volti 110 au zaidi kwenye soketi yake iliyofunikwa, na mtu anayejua kwamba mkondo mnyoofu (DC) wa volti 110 unaua na cheche yake haizimiki kirahisi.

Pawasaplai yenye kikomo cha ampea: inakwambia umbali

Pawasaplai ni chombo cha mezani kinachotoa volti na ampea unazoziweka mwenyewe; mafundi simu wanaijua vizuri. Unaiwekea kikomo, tuseme ampea 1, na volti chache, betri ikiwa imechomolewa. Inafanya kazi ya balbu, lakini kwa namba.

Faida yake kubwa iko kwenye kebo ndefu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa miliomu 12.1 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni miliomu 24.2. Pitisha ampea 1 kamili kwenye kebo yenye shoti, kisha kwa multimita pima volti pale hasa kebo inapoanzia, usipime kwenye vibanio vya pawasaplai. Umesoma volti 0.48? Gawa kwa 0.0242, unapata mita 20. Shoti iko karibu mita 20 kutoka ulipo, na unaweza kuhesabu vigae vya dari mpaka hapo.

Ujanja mwingine unaupata kwenye maboksi ya maungio. Fungua boksi la kwanza, pima volti kati ya nyaya mbili. Nenda la pili, la tatu. Volti inashuka kila ukikaribia shoti. Ukishaipita, haishuki tena. Inabaki palepale kwenye kila boksi linalofuata, kwa sababu huko hakuna mkondo unaopita. Tuseme boksi la nne linasoma 0.21, la tano 0.06, la sita 0.06. Kosa liko kati ya la nne na la tano, au ndani ya la tano lenyewe. Hukukata waya hata mmoja.

Hesabu ya mita ina adui: kebo za alumini iliyopakwa shaba juu, ambazo sokoni huuzwa kama shaba. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi, kwa hiyo hesabu itakupeleka mbali kuliko shoti ilipo. Pima kutoka ncha zote mbili za kebo kwa ampea ileile. Usomaji wa upande wako ugawe kwa jumla ya usomaji wa pande zote, kisha zidisha kwa urefu wa kebo. Hapo aina ya chuma haina neno tena.

Kwenye bodi, iwekee volti isiyozidi 1 na ampea 2 kwenye njia ya umeme iliyoshotika, halafu pakaza spiriti kidogo. Sehemu inayokauka kwanza ndiyo inayopata joto, na mara nyingi ndiyo yenye kosa. Kamera ya joto inafanya kazi hiyohiyo kwa usafi zaidi, ila spiriti iko kila duka la dawa. Volti ibaki chini ya 1 ili usiviunguze vifaa vingine vilivyo hai, na betri iwe mbali kabisa na spiriti.

Udhaifu wake ni kwamba inahitaji umeme wa ukutani na meza, au fundi mwenye moyo wa kuibeba mpaka darini.

Mega: chombo kizuri kwa swali jingine

Kipimo cha kihami kinasukuma volti 250 au 500 kwenye nyaya na kusoma megaomu. Nyaya za umeme wa gridi wa volti 230 hupimwa kwa volti 500 na zinatakiwa zisome angalau megaomu 1. Saketi za volti ndogo zilizotengwa kwa usalama hupimwa kwa 250 na kutakiwa angalau megaomu 0.5. Chombo hiki ni cha lazima unapokabidhi kazi mpya.

Kwa shoti inayokata fyuzi, hakikusaidii sana. Tuseme upo Mombasa au Zanzibar, chumvi imeingia kwenye maboksi, na mega inasoma kiloomu 50. Ni usomaji mbaya, kihami kimechoka. Lakini volti 24 kwenye kiloomu 50 ni nusu miliampea tu. Fyuzi ya ampea 5 haijui hata kama kuna kitu. Fundi anayebadilisha kebo hiyo kwa kuamini amepata chanzo atarudi wiki ijayo fyuzi ikiwa imekatika tena. Usomaji huo una maana nyingine: kwenye mkondo mnyoofu penye unyevu, waya wa chanya ndio unaoliwa. Ukifungua boksi utaona kutu ya kijani upande mmoja. Hiyo ni kazi ya matengenezo, ipangie siku yake.

Halafu kuna hatari. Volti 250 zikipita kwenye draiva ya LED, chaja au bodi ya kutambua umeme, unazika kifaa kilichokuwa kizima. Kila kitu cha elektroniki kichomolewe kwanza, na kwenye jengo lenye taa 40 hiyo ni kazi ya siku.

Viwili vya ziada

Mita ya kubana waya ni nzuri mradi iwe ya kupima mkondo mnyoofu. Nyingi za bei ndogo zinapima mkondo geu (AC) tu na kwenye waya wa betri zitasoma sifuri huku waya ukiungua. Ibonyeze sifuri kabla ya kila kipimo. Ubane waya mmoja kuona tawi lipi linavuta. Ubane zote mbili kwa pamoja: ikisoma zaidi ya sifuri, kuna mkondo unaorudi kupitia ardhini au kwenye chuma cha jengo.

Cha pili ni jozi ya balbu za ardhi, njia ya zamani ya melini. Betri kuu nyingi hazijaunganishwa na ardhi, kwa hiyo chanya kikigusa bomba hakuna kinachokatika. Kosa la pili, hasi ikigusa chuma mahali pengine, ndilo linalokata fyuzi, na fundi anatafuta kosa moja wakati yako mawili. Funga balbu mbili zinazofanana kwa mfululizo kati ya chanya na hasi, na katikati yao unganisha na ardhi. Zikiwaka sawa, hakuna upande mmoja uliogusa ardhi peke yake. Moja ikififia na nyingine ikang'aa, upande wa ile iliyofifia ndio umegusa ardhi. Huhitaji kuzima kitu, na kwa hospitali hilo lina thamani kubwa.

Nichague kipi?

Kama unahudumia taa zinazojitegemea tu, multimita na balbu ya breki vinatosha. Multimita iamue kuhusu betri na bodi, balbu iamue kuhusu waya na vichwa. Usinunue mega kwa ajili ya kazi hii.

Kama una betri kuu, anza na balbu za ardhi, kisha balbu ya mfululizo na kukata nusu kwa nusu. Kipande kikishajulikana na kebo imezama ukutani, leta pawasaplai ikwambie mita. Jengo la ghorofa nyingi lenye kebo za kuzikwa linailipa pawasaplai kwa kazi moja tu, kwa kuwa kupasua plasta mahali pasipo na kosa ni gharama kuliko chombo chenyewe. Iko Kariakoo, Dar es Salaam, iko Luthuli Avenue, Nairobi, na ya ampea 3 hadi 5 inatosha.

Kama shoti inatokea kwa msimu au kwa saa fulani, usipoteze muda na chombo cha kupima mara moja. Acha balbu, na mwambie mlinzi wa zamu aandike saa aliyoiona ikiwaka.

Ukishatengeneza, rudisha fyuzi ya ampea ileile iliyoandikwa kwenye bodi. Chaji saa 24. Kisha zima breka ya taa hizo na uache ziwake muda wake wote, ambao kwa taa nyingi ni saa 3, ukipima volti ya betri mwanzoni na mwishoni. Pakiti ya seli 3 inayoshuka ghafla chini ya volti 3 kabla ya saa ya kwanza kwisha imeumia, huenda kutokana na ile shoti, na inatakiwa kubadilishwa kabla hujasaini kitabu cha ukaguzi.